Kidude cha USB cha kuhamishia kanda za VHS: kinafaa, ila si peke yake

Kinachopimwa hapa ni kile kidude cha plastiki chenye plagi ya USB upande mmoja na soketi nne upande wa pili: njano ya picha, nyeupe na nyekundu za sauti, na ile nyeusi ya duara ya S-Video. Mjini Mombasa hupatikana kwenye maduka ya vifaa vya kompyuta, katika maboksi yenye majina tofauti lakini sura moja. Ndani mna kidude, kidiski cha programu na karatasi ya maelezo isiyoeleza kitu. Kazi yake ni kupokea picha na sauti kutoka kwenye deki ya VHS na kuzigeuza faili la kompyuta.

Kwa mpenzi wa picha na vipindi vya zamani, suala si kama kinafanya kazi. Kinafanya. Suala ni kama faili litakalotoka litatazamika kwenye televisheni kubwa ya leo bila rangi kupauka, bila picha kupinda juu, na bila midomo kuachana na maneno. Litatazamika, mradi deki yako iwe nzima na vichwa vyake visafi, na ile programu ya kwenye kidiski uiweke kando. Ukifuata boksi linavyosema, utapoteza muda, na kanda nyingine hazina subira ya kuchezwa mara ya pili.

Kanda ipi ianze

Kanda huhamishwa kwa muda wake halisi. Ya saa tatu itakula saa tatu, hakuna njia ya mkato. Kwa hiyo panga kabla ya kuanza.

Tamthilia za Marekani za miaka ya 1980, za magari na mapigano, ziache mwisho. Nyingi zilipigwa kwa filamu ya milimita 35, na zile zilizotolewa upya kwenye diski zina picha ambayo VHS haiwezi kuikaribia: VHS hubeba takriban mistari 240 tu ya maelezo kwa upana. Kununua diski ni rahisi kuliko kupigana na kanda.

Mbele weka kile kisichouzwa popote. Vitimbi, Vioja Mahakamani na Tausi zilizorekodiwa sebuleni kutoka kituo cha taifa, VoK (Voice of Kenya) na baadaye KBC, ni mali. Kanda yenye Mzee Ojwang', marehemu Benson Wanjau, huwa pia na matangazo ya sabuni, sauti ya mtangazaji wa zamu na mwanzo wa taarifa ya habari. Vyote virekodi, usikate hata kidogo. Vituo vya televisheni duniani kote vilikuwa na desturi ya kufuta kanda ili zitumike tena. BBC ilifuta sehemu nyingi za tamthilia yake ya Doctor Who za miaka ya 1960, na mwaka 2013 ikatangazwa kwamba sehemu 9 zilizokuwa zimepotea zimepatikana Jos, Nigeria. Nakala iliyookoa kazi ilikuwa imekaa Afrika muda wote huo.

Halafu kuna picha za Kihindi, na hapa inabidi tutulie kidogo, maana watu wengi wanatupa kanda wasizozijua. Chukua Sholay ya 1975. Wakaguzi wa filamu wa India walikataa mwisho wa awali, ambapo Thakur anamuua jambazi Gabbar, ukapigwa mwisho mwingine ambapo polisi wanafika na Gabbar anakamatwa. Toleo refu la dakika 204, lenye mwisho wa awali, lilitoka kwenye VHS ya Uingereza mwaka 1990. Watu husoma 204 mtandaoni, wanapima kanda yao, wanapata 196, wanasema imekatwa. Haikukatwa. Sinema hupigwa kwa fremu 24 kwa sekunde, na televisheni ya PAL, mfumo uliotumika Kenya na Uingereza, hucheza 25, kwa hiyo picha yote hukimbia kwa asilimia 4. Dakika 204 zikizidishwa kwa 0.96 zinakuwa 196. Toleo la dakika 198 lililopita kwa wakaguzi litapima 190. Na kanda ya E-180, inayobeba saa tatu na dakika chache za ziada, haiwezi kuwa na lolote kati ya hayo mawili likiwa zima kwa mwendo wa kawaida. Ama imerekodiwa kwa mwendo wa nusu, ama kuna kanda ya pili, ama kweli imekatwa. Angalia maandishi kwenye kasha: E-195 au E-240 ni dalili njema.

Kuna jambo jingine kuhusu picha hiyo. Ilipigwa kwa milimita 35 katika umbo la 4:3, kisha nakala za milimita 70 zikatengenezwa kwa kupunguza juu na chini hadi 2.20:1. Kwa hiyo kanda ya 4:3 inaweza kukuonyesha anga na ardhi ambayo watazamaji wa sinema yenye skrini pana hawakuiona.

Picha za karate za Shaw Brothers ziko kinyume kabisa. Zilipigwa kwa upana wa 2.35:1, na ili zienee kwenye televisheni ya zamani zikakatwa pembeni, asilimia 43 ya picha ikaenda. Wapiganaji wawili wamesimama ncha mbili za uwanja, na kwenye kanda unaona mmoja anapigwa na mkono usio na mwenyewe. Kampuni ya Celestial ilinunua hazina hiyo na kuisafisha, na diski zake zimeanza kutoka tangu 2002 kwa upana kamili. Kwa picha, kanunue diski. Lakini nyingi kati ya diski za mwanzo zilikuja na Kichina na manukuu tu, bila zile sauti za Kiingereza zilizopachikwa juu ya picha, ambazo watazamaji wa sinema za Naaz na Regal waliziiga vijiweni. Ikiwa hizo ndizo unazozitaka, hamisha kanda kwa ajili ya sauti, kisha uishone sauti hiyo kwenye picha ya diski yako.

Deki ndiyo yenye kazi

Kidude hakiwezi kutoa maelezo ambayo deki haikuyasoma. Ukiwa na fedha za kugawanya, nyingi zipeleke kwenye deki. Funai, kampuni ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha mwaka 2016, kwa hiyo utakayopata ni ya mtumba. Nyingi za maana ni zilizotoka Uingereza, na hizo zina soketi ndefu ya SCART nyuma badala ya tundu za rangi. Nunua adapta ya SCART yenye swichi ndogo ya kuingiza na kutoa, na uisukume upande wa kutoa. Swichi hiyo ikiwa upande usiofaa hutapata picha wala sauti, na wengi hudhani kidude ndicho kibovu.

Tafuta deki yenye vichwa sita, au angalau vinne, na yenye sauti ya Hi-Fi. Deki ya S-VHS ni bora zaidi, kwa sababu ina soketi ya S-Video. VHS hurekodi mwanga na rangi mbalimbali. Waya wa njano huvichanganya tena kuwa kimoja, na kidude hulazimika kuvitenganisha, ndipo unapoona vitone vinatambaa kwenye kingo za maandishi mekundu. S-Video huviacha vilivyo mbalimbali. Tofauti inaonekana kwa macho hata kwenye kanda ya kawaida.

Ukienda kununua deki ya mtumba, nenda na kanda yako usiyoijali, usikubali ya muuzaji. Isikilize inapoimeza: mlio wa kusaga ni gia. Tazama picha. Ikiwa imejaa theluji lakini sauti ya mono ni safi, vichwa vimechafuka tu, na hilo linatibika. Sauti ya mono husomwa na kichwa kingine kilichosimama tuli, ndiyo maana haiathiriki. Ikiwa picha na sauti zote zinayumba, shida iko kwenye mpira unaobana kanda au mkanda wa mota, na itabidi ukae na fundi. Rudisha kanda mwanzo hadi mwisho, kisha itoe uiangalie ukingo kwa ukingo. Deki iliyokunja ukingo wa kanda ya majaribio itakunja na ya Mzee Ojwang'.

Kusafisha vichwa: chomoa waya wa umeme, fungua mfuniko wa juu. Lile pipa la chuma lililolala kwa mshazari lina kipenyo cha milimita 62, na likicheza kanda ya PAL huzunguka mara 1,500 kwa dakika. Lowesha kipande cha ngozi laini, ile ya kufutia vioo vya magari isiyo na nyuzi, kwa isopropili ya 99%. Ile ya 70% ya kusafishia vidonda ina maji mno. Bandika ngozi ubavuni mwa pipa, uishike tuli, na kwa mkono wa pili zungusha pipa taratibu ukiligusa ukingo wake wa juu. Ngozi isipande wala kushuka: vichwa ni vidogo na hukatika kama kioo. Pamba ya masikioni usiitumie kabisa, nyuzi zake hunasa kichwani. Subiri dakika kumi ikauke. Na usijaribu deki ikiwa wazi chini ya taa kali. VHS hutambua mwisho wa kanda kwa mwanga unaopita kwenye kipande kisicho na rangi mwanzoni na mwishoni mwake, kwa hiyo taa ikipiga ndani deki hudhani kanda imekwisha na kusimama.

Ukungu wa Pwani

Hakuna kilichoua kanda nyingi Mombasa kuliko unyevu. Kabla ya kanda yoyote kuingia kwenye deki, itazame kwenye kidirisha chini ya mwanga. Bonge la kanda linapaswa kuwa jeusi na laini, linalong'aa kidogo. Ukiona vumbi jeupe au nyuzi nyeupe kwenye mduara, hiyo ni kuvu. Usiicheze. Kuvu hupakaza vichwa, na kanda safi itakayofuata itaambukizwa humo humo ndani ya deki.

Kanda yenye kuvu kidogo husafishika. Fanya nje, kwenye upepo, ukiwa umevaa barakoa. Kasha la VHS limefungwa kwa parafujo tano upande wa chini. Yafungue, geuza kasha lililo wazi kwa uangalifu, na kabla hujagusa kitu piga picha ya jinsi kanda inavyopita kwenye vijiti vya pembeni. Futa mzunguko wa nje kwa kitambaa kikavu kisichotoa nyuzi, kisha ipitishe kanda yote kwenye kitambaa hicho kwa kuizungusha mkono, ukibadilisha sehemu ya kitambaa kila inapochafuka. E-180 ina takriban mita 258 za kanda, kwa hiyo ni kazi ya kutenga alasiri. Kasha lenyewe likiwa limeoza, hamishia magurudumu kwenye kasha safi la kanda ya bei rahisi. Kanda iliyokatika iunge kwa utepe maalumu wa kuungia kanda, upande wa mgongo, si upande unaogusa vichwa. Selotepu ya kawaida hutoa gundi joto likipanda, na joto hapa hupanda kila siku.

Msimu nao una maana. Januari na Februari, kaskazi likivuma na mvua hakuna, ndiyo miezi ya kufanya kazi hii. Masika yaache ya kupanga na kuandika orodha. Ukitoa deki kwenye chumba chenye kiyoyozi ukaileta sebuleni penye joto, umande hutanda kwenye pipa na kanda hunata. Deki nyingi zina kihisi cha umande na hukataa kucheza. Usishindane nayo, iache iwake bila kanda kwa saa mbili.

Stima ikikatika katikati ya kazi, kanda hubaki imezungushwa kwenye pipa. Usiivute. Stima ikirudi, washa na ubonyeze kitufe cha kutoa, deki itairudisha yenyewe. Kwa mwenye uwezo, UPS ndogo ya deki na laptopu inamaliza habari hiyo.

Kurekodi

Chomeka kidude moja kwa moja kwenye kompyuta, si kwenye kigawanya USB pamoja na diski ngumu ya kuhifadhia. Picha ya PAL ni 720 kwa 576. Kwa fremu 25 za baiti mbili kwa kila kitone, ni zaidi ya megabaiti 20 kila sekunde, na USB 2.0 inayogawanywa huanza kuangusha fremu.

Programu ya kwenye kidiski hurekodi moja kwa moja kwa mbano mkali wa MPEG, na chembechembe za VHS zinageuka vibandiko vya mraba. Tumia VirtualDub2 kwenye Windows, ni ya bure. Weka kiwango cha video kuwa PAL B, rangi YUY2, ukubwa 720 kwa 576, sauti hezi 48,000, na mbano usiopoteza kitu kama HuffYUV au Lagarith. Tarajia GB 30 hadi 40 kwa saa. Kanda moja ya saa tatu itakaribia GB 100, kwa hiyo diski ngumu ya TB 1 itashiba haraka. Baada ya kumaliza na kuhakiki, faili la kutazama la H.264 litakuwa GB 2 au 3 kwa saa.

Kabla ya kubonyeza kurekodi, washa histogramu ya VirtualDub2, yaani grafu ya mwanga wa picha, katika hali ya kunasa. Vidude hivi hutoka kiwandani na mwanga uliopandishwa, na kanzu nyeupe juani hugeuka karatasi tupu. Shusha kontrasti mpaka kilele kisiguse eneo jekundu la kulia, kisha rekebisha mwanga mpaka weusi usimezwe kushoto. Kilichokatwa hapa hakirudi kwa programu yoyote baadaye. Hatua hii ya dakika mbili ndiyo inayotofautisha nakala nzuri na mbaya kuliko bei ya kidude.

Weka macho pia kwenye hesabu ya fremu zilizoanguka. Hapa ndipo penye udhaifu mkubwa wa kidude chenyewe, na boksi halikuambii. Mistari ya picha ya VHS haiji kwa muda ulio sawa. Televisheni za zamani za kioo zilivumilia, kidude hakivumilii. Mpigo ukichelewa, kinaangusha fremu nzima, na sauti inaendelea mbele. Kila fremu ni milisekunde 40; zikianguka 25, midomo na sauti zimeachana sekunde nzima. Ndiyo maana watu hulalamika kwamba mwanzo wa picha uko sawa na mwisho umeharibika.

Dawa yake ni kuweka mashine ya kurekebisha muda kati ya deki na kidude. Mashine za studio ni ghali, lakini kinasa DVD cha mtumba cha Panasonic, DMR-ES10 cha PAL, hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo bila kurekodi chochote: deki inaingia kwenye SCART yake, S-Video inatoka kwenda kwenye kidude. Picha iliyokuwa imepinda juu kama bendera hunyooka. Hulainisha chembechembe kidogo, na kwenye giza unaweza kuona ngazi za rangi, lakini kwa kanda iliyochoka tunalikubali badiliko hilo bila kusita. Ukikiona popote mjini kwa bei ya vyuma chakavu, kichukue hata kama sehemu ya diski imekufa.

Sauti ya Hi-Fi ikikoroma au kuzizima, rekebisha kwanza treki (tracking) ya deki. Isipopona, hamisha deki isome sauti ya mono. Haina upana lakini haina mkoromo. Na mistari michafu minane au kumi chini kabisa ya picha si ubovu. Ni mahali vichwa vinapobadilishana zamu, na televisheni ya zamani iliificha nyuma ya fremu yake. Iache kwenye nakala kuu, ifunike kwa weusi kwenye ya kutazama.

Kanda za dukani zenye kinga ya kunakili zitakufanya uone mwanga unapanda na kushuka kila sekunde chache, au kidude kitaonyesha buluu tupu. Hapo usihangaike, hiyo kinga iliwekwa na mwenye haki, na diski yake ndiyo njia. Kwa jumla, nakala unazohamisha ni za kutazama nyumbani. Kuziuza ni kosa chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001.

Kanda kutoka kwa jamaa walioko Marekani ni za NTSC. Deki nyingi za PAL huzicheza kwa mfumo wa mseto unaoitwa PAL 60, ambao televisheni huukubali lakini unakichanganya kidude: picha inaruka au inakuwa nyeusi na nyeupe. Tafuta kwenye menyu ya deki chaguo la NTSC 4.43, na kwenye VirtualDub2 chagua hilo hilo. Kanda zilizorekodiwa Ufaransa kwa SECAM zitakuja bila rangi kwenye deki ya PAL, na kidude hakina la kufanya.

Filamu na studio hazitendewi sawa

Hapa mafundi wengi wa kuhamisha kanda hukosea, na mpenzi wa vipindi hugundua kitu kimepotea asijue ni nini.

Televisheni ya PAL hupeleka picha 25 kwa sekunde, na kila moja imegawanywa nusu mbili: mistari ya witiri na mistari ya shufwa. Kipindi kilichopigwa studio kwa kamera ya video, kama Vitimbi, kina mwendo mpya katika kila nusu, yaani miendo 50 kwa sekunde. Ndiyo sababu kinaonekana kiko hai, kama mtu yuko chumbani. Programu za haraka hutupa nusu moja na kukuachia 25. Mikono ya waigizaji inaanza kuruka na kipindi kinapoteza uhai wake. Tumia kichujio cha QTGMC, au kile cha bwdif katika programu ya ffmpeg kwa hali ya send_field, upate fremu 50 kamili. Weka nusu ya juu kuwa ya kwanza, ambao ndio mpangilio wa kawaida wa vidude hivi. Mtu anayetembea akiwa anakwenda mbele na kurudi nyuma, badilisha mpangilio.

Sinema ni kinyume. Nusu zote mbili zimetoka kwenye fremu moja ya filamu, kwa hiyo hakuna cha kutenganisha. Ziache zilivyo kwa fremu 25. Kisha, ukitaka sauti ya stelingi irudi ilivyokuwa kwenye sinema, punguza mwendo kurudi 24. Ule ukimbiaji wa asilimia 4 hupandisha sauti karibu nusu hatua ya muziki, na kwenye nyimbo za Kihindi tofauti ni dhahiri kwa yeyote anayemjua Lata Mangeshkar kwa sikio. Katika ffmpeg ni setpts=PTS*25/24 kwa picha na asetrate=46080 kwa sauti ya 48,000, ikifuatwa na aresample=48000, na faili linalotoka liwekwe kwa fremu 24. Anayetaka kusikiliza tu bila kubadilisha faili aweke VLC kwenye mwendo wa 0.96 na azime chaguo la kuhifadhi kimo cha sauti.

Umbo liwe 4:3. Televisheni za leo hupenda kutanua kila kitu hadi 16:9, nyuso zikawa chapati. Andika uwiano wa 4:3 ndani ya faili lenyewe ili usitegemee rimoti ya mtu.

Kununua

Sura ya nje haikwambii kilicho ndani. Chipu ni za aina kadhaa, na tofauti yake ni ya maana kwa sababu ya madereva, yaani programu ndogo zinazoiwezesha kompyuta kukitumia kidude. Omba uchomeke kwenye laptopu yako hapo hapo kaunta, fungua orodha ya vifaa ya Windows na usome namba ya utambulisho. VID 05E1 na PID 0408 ni STK1160. VID 1B71 na PID 3002 ni UTV007. Zote mbili zina madereva ndani ya Linux yenyewe, kwa hiyo hata kompyuta ya zamani isiyofaa Windows ya leo inaweza kufanya kazi hii. Muuzaji akikataa usichomeke, nenda duka la pili.

Tikisa soketi za rangi kwa kidole. Zikicheza, waya ndani umeshikwa kwa risasi hafifu na utakatika siku ya kanda ya maana. Gusa mwili wa kidude baada ya nusu saa ya kazi: uvuguvugu ni wa kawaida, moto wa kuchoma si wa kawaida, na ukiwa hivyo fremu zitaanza kuanguka hata kwa kanda nzuri. Feni ndogo ya mezani ikielekezwa kwake husaidia kweli katika joto letu.

Kwa mwenye kanda tatu au nne safi, asiye na deki, huduma ya dukani ni nafuu kuliko kukusanya vifaa vyote hivi. Mwambie fundi akupe faili la fremu 50 kwa vipindi vya studio na asikate mwanzo wala mwisho. Kwa mwenye rafu nzima, kidude kinalipa. Ukipata chenye chipu iliyokubali kompyuta yako na soketi zilizotulia, chukua viwili siku hiyo hiyo, kwa kuwa mzigo ujao utakuja na boksi hilo hilo na chipu nyingine ndani.